Uzi wa Kupimia

Mimi hushona kofia. Kibokoni wote wajua:
mwenye kichwa cha ishirini na mbili
si lazima aje, atume jina tu.
Vichwa vya watu nimevihifadhi vidoleni
kama wengine wahifadhivyo madeni.

Kwa hivyo usiniambie sikuona.
Niliona kabla ya kliniki.
Twalib ana miezi miwili, nikampima kwa uzi,
nikapiga fundo.
Ijumaa ya pili uzi haukufika.
Nikapiga fundo jingine mbele ya lile.
Ijumaa ya tatu, hivyo hivyo.
Utosi ulikuwa umetuna kama hamri mafutani,
lakini hamri hubonyea.
Na macho yalizama chini ya kope,
kama ya mtu atafutaye sarafu
iliyomwangukia kifuani.

Jirani yangu Mwanakombo akasema neno
lile la mzaha, la vijana wa barazani:
kichwa maji.
Akajishika mdomo. Lishatoka.

Mifereji ilikuwa mikavu, siku ya kumi na moja.
Dumu moja lauzwa bei ya maziwa.
Nikasimama foleni, mtoto begani,
naomba maji,
nami nimeyabeba.

Makadara, Daktari Nyamawi aliiweka picha kwenye mwanga.
Nilidhani ubongo hujaa kama mchele guniani.
Kumbe umesukumwa kandokando,
ukanda wa kijivu, mwembamba, upana wa pindo.
Katikati kweusi.
"Hayo maji," akasema. "Kila mtu anayo.
Hutengenezwa humo humo, usiku na mchana,
yakazunguka, mwili ukayanywa.
Yake hayana pa kutokea."
Nikauliza mbona kichwa hakijapasuka.
"Mishono ya fuvu bado haijashikana. Inaachia.
Mimi na wewe mfupa umeshafunga;
maji kama haya yangetusukuma ubongo chini,
penye shina la pumzi."

Mishono. Alisema mishono.
Hajui alikuwa akimwambia nani.

"Tutatoboa tundu dogo," kwa sauti ya kubembeleza,
kana kwamba nitazimia.
Lakini kofia isiyo tundu haipumui!
Tangu nina miaka minane natoboa,
nazungushia uzi tundu lisifumuke,
mia tatu kwa kofia moja,
upepo upate kupita juu ya fikira za watu.
Nikamuuliza: wewe utazungushia nini?
Hakuelewa. Akanipa karatasi nitie sahihi.

Akili ni nywele, husema watu.
Walimnyoa upande mmoja.

Sasa ana mpira chini ya ngozi.
Watoka nyuma ya sikio, washuka shingoni,
wapita kifuani, waishia tumboni.
Usiku naupapasa kwa kidole
mpaka kwenye ile valvu, kama kokwa ya ubuyu.
Siibonyezi. Naogopa, na natamani.
Akitapika bila sababu, akilala kupita kiasi,
nirudi mbio: mpira huziba. Hilo nimeambiwa.
Sijaambiwa atasema lini,
wala kama ataijua alifu akiiona.
"Tungoje," asema Nyamawi.
Mimi mtu wa vipimo. Sijui kungoja
kitu kisicho namba.

Ijumaa nne hizi uzi wafika fundo lile lile.
Umejaa mafundo, haufai tena kushonea,
na sijautupa.
Kofia yake ya Idi nimeikata ishirini na moja,
sawa na ya kaka yake aliye darasa la tatu.
Upande wa kulia, juu ya sikio,
nimeacha pahali patupu, hapana ua wala tundu.
Mwanakombo akaigeuza mkononi. "Hapa umepasahau?"
Nikamwambia la.
Sijajua bado patakaa nini.